Masuala na Majawabu: Skyrim, modi zake, na joka anayesema

Katika toleo lililopita niliitaja kwa aya moja tu gemu iitwayo Skyrim, nikadhani jambo limekwisha. Badala yake barua zimeingia kutoka Unguja na Pemba kuliko zilivyoingia kwa mada yoyote ya mwaka huu, na karibu zote haziulizii gemu yenyewe bali modi zake. Kwa asiyeijua, Skyrim ni gemu ya kompyuta ya kampuni ya Bethesda ya Marekani, iliyotoka tarehe 11 Novemba 2011. Mchezaji huumba mhusika wake, akaachiwa nchi nzima ya milima na theluji aende atakako, awe mchawi, mwizi, mhunzi au muuza ngozi za mbwamwitu. Modi ni nyongeza au badiliko linalotengenezwa na mchezaji mwenyewe na kugaiwa wenziwe: nyumba mpya, kisa kipya, mvua inayoonekana kama mvua. Kampuni haikuwazuia watu hao; mwezi wa Februari 2012 ilitoa bure chombo kiitwacho Creation Kit ili wafanye kazi hiyo vizuri zaidi. Nimechagua barua sita, na ile ya mwisho ndiyo iliyoninyima usingizi.

SUALA: Assalaam alaykum. Nina Skyrim Special Edition. Kwa siku mbili nimeweka modi 64, na sasa kila nikilikaribia lango la mji wa Whiterun gemu hutoweka bila ya kutoa ujumbe wowote, nikabaki natazama skrini ya kompyuta. Rafiki yangu anasema kompyuta imechoka. Ni kweli?
Msomaji, Chake Chake

JAWABU: Waalaykum salaam. Kompyuta haijachoka, kilichokuponza ni pupa ya siku mbili. Lakini kwa kuwa umeeleza pahala khasa gemu inapokatikia, umenirahisishia nusu ya kazi.

Elewa kwanza namna modi zinavyokutana. Kila kitu ndani ya gemu, awe mlinzi, mti, upanga au bei ya mkate, kina rekodi yake. Plagini, yaani mafaili yanayobeba mabadiliko ya modi, mbili zikiibadilisha rekodi moja, inayopakiwa mwisho ndiyo inayotamalaki, na kazi ya iliyotangulia huwa kana kwamba haikufanywa. Ni kama mafundi wawili walioitwa siku tofauti kuupaka rangi ukuta mmoja: utauona kwa rangi ya aliyekuja nyuma. Whiterun ni mji ambao kila mtengeneza modi anautaka, huyu kwa kupanda miti, yule kwa kuongeza maduka, na mwengine kwa kuwavisha walinzi nguo mpya, kwa hivyo si ajabu kwamba matatizo yanakutana langoni pake.

Hata hivyo mgongano wa aina hiyo aghlabu hauzimi gemu. Huleta mti uliomea katikati ya ukuta au mlango usiofunguka. Gemu huzimika inapoitafuta picha iliyoharibika, au inapokutana na kitu kilichotengenezwa kwa toleo jengine. Hapa ndipo ninapokutilia shaka. Skyrim ya 2011 ilikuwa programu ya biti 32, na Special Edition, iliyotoka tarehe 28 Oktoba 2016, ni ya biti 64. Modi za ile ya kwanza, khasa zenye mijongeo ya viungo vya watu na wanyama, zikiingizwa katika hii ya pili bila ya kugeuzwa, huiangusha pale kitu hicho kinapotaka kuonekana. Katika tovuti ya Nexus Mods matoleo mawili haya yana sehemu mbili zilizotengana, na mtu mwenye haraka huchukua huku na huku. Zipitie modi zako zote 64 uangalie kila moja umeitoa sehemu gani. Ingekuwa modi fulani imekosa faili mama lake, yaani faili ambalo modi hiyo imejengwa juu yake, gemu isingefika hata Whiterun. Ingekufa kabla ya ukurasa wa mwanzo kuonekana.

Ikiwa zote ni za toleo lako, tumia njia ya nusu kwa nusu. Anza mchezo mpya wa majaribio, uache ule wa zamani pembeni, kisha zima modi 32 na uende langoni. Ikizimika, mkosa yumo katika 32 zilizobaki. Isipozimika, yumo katika zile ulizozizima. Zikate tena ziwe 16, halafu 8, na kuendelea, nawe utamshika kwa majaribio sita badala ya 64. Chunga tu usilizime faili mama ukaiacha modi inayolitegemea. Kwa mpangilio wa kupakia ipo programu iitwayo LOOT inayopanga yenyewe kwa jumla, na kwa kuona rekodi gani imegombaniwa na nani ipo xEdit, ambayo sura yake inatisha lakini haisemi uongo. Idadi yako haina neno: Special Edition ina nafasi 254 za plagini kamili, pamoja na zile za gemu yenyewe, na nafasi nyengine 4,096 za plagini nyepesi.

Ukishampata mkosa, usimtoe ndani ya mchezo unaoendelea ikiwa ana skripti, yaani maagizo yanayoiambia gemu nini cha kufanya. Skripti za Skyrim huandikwa ndani ya faili la hifadhi, na modi ikiondoka huacha mabaki yake humo, ukaendelea saa 20 ukiamini umepona, na mchezo ukaja kukuharibikia siku ambayo umeshasahau sababu. Anza upya. Najua inauma.

SUALA: Umeme ulikatika nikiwa ninahifadhi mchezo, na faili likaharibika. Uliporudi, gemu ikajisasisha yenyewe, kifurushi changu cha intaneti kikamalizika, na tangu hapo SKSE inakataa kufanya kazi. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi wa kidato cha nne, Wete

JAWABU: Hujakosea, ila ulikuwa na faili moja la hifadhi unaloandika juu yake kila mara. Fungua jipya kila unapohifadhi na ubakishe kumi ya nyuma. Ukatikapo umeme utapoteza dakika chache, si mwezi mzima. Ikiwa nyumbani ipo betri ya akiba ya kompyuta, itumie. Ikiwa haipo, usihifadhi wakati taa zinapepesa, kwani sote tunaijua dalili hiyo.

SKSE ni programu iliyotengenezwa na watu wa kujitolea ili skripti ziweze kufanya mambo ambayo gemu peke yake haiwezi. Inafanya hivyo kwa kushika sehemu maalumu ndani ya programu ya gemu, na programu hiyo ikibadilishwa, hata kwa jambo dogo, sehemu zile huhama, nayo SKSE ikabaki inapapasa gizani. Kwa sababu hiyo kila toleo la gemu lina SKSE yake. Mwezi wa Disemba 2023 Bethesda ilipotoa sasisho kubwa, maelfu ya wachezaji waliamka wakiwa katika hali yako, na dawa ilikuwa kusubiri. Nenda ukachukue SKSE inayolingana na namba ya toleo ulilonalo sasa, na usasishe modi zile zinazoitegemea. Kisha, katika mipangilio ya gemu ndani ya Steam, duka la gemu la mtandaoni, chagua isasishwe pale tu unapoifungua kutoka humo, na wewe uifungue daima kupitia SKSE. Kifurushi chako kitasalimika.

SUALA: Kuna mtu mjini anauza flashi yenye modi 300 zilizokwisha kupangwa, na bei yake si mbaya. Ninunue?
Msomaji, Mwanakwerekwe

JAWABU: Usinunue. Modi hizo watu wamezitoa bure, na wengi wao wameandika katika kurasa zao kwamba hawaruhusu kazi zao kupakiwa kwengine bila ya idhini, sembuse kuuzwa. Isitoshe, muuzaji hajui wewe una toleo gani la gemu, na barua ya kwanza imeshakuonesha mwisho wake.

Hadithi ya modi na pesa ni ndefu, nami nitakupa kipande chake kimoja. Tarehe 23 Aprili 2015, Valve, wenye Steam, na Bethesda walifungua mlango wa kuuza modi za Skyrim. Katika kila bei, mtengenezaji alipata asilimia 25, Valve 30, na Bethesda 45. Wachezaji walikasirika, na baadhi ya watengenezaji nao walikasirika kwa kuona kazi za wenzao zikiwa ndani ya modi zinazouzwa. Kufikia tarehe 27 mlango ukafungwa na waliolipa wakarejeshewa pesa zao. Watu huisimulia habari hii kama ushindi wa wachezaji. Mimi naiona kwa jicho jengine kidogo, kwa sababu anayekesha miezi minane akijenga mji hajafanya dhambi akitaka kulipwa. Ubaya ulikuwa katika mgao, na katika kuzifungulia biashara kazi ambazo tangu mwanzo zilijengwa kwa kuazimana. Bethesda ilirejea kwa njia nyengine mwaka 2017, na tena mwaka 2023, na sasa wapo watengenezaji wanaouza kwa makubaliano nayo. Mwenye flashi si mmoja wao.

SUALA: Mwanangu ana miaka 15. Kila akitoka skuli hukaa na gemu hii, na nikimgombeza husema hachezi bali anatengeneza modi, na kwamba wapo waliopata kazi kwa njia hiyo. Ananidanganya?
Mama wa watoto watatu, Kikwajuni

JAWABU: Hakudanganyi, Mama, lakini hakukuambia yote. Alexander Velicky, kijana wa Kimarekani, alitoa mwaka 2013 modi iitwayo Falskaar, ambayo ni kisiwa kizima chenye watu na kisa chake, akiwa na umri wa miaka 19, na baada yake aliajiriwa na kampuni ya Bungie. Nick Pearce wa Australia alikuwa mwanasheria. Modi yake ya mwaka 2015, The Forgotten City, ilipata tuzo ya chama cha waandishi cha nchi yake, na mwaka 2021 ikatoka kama gemu inayojitegemea. Hao ni wachache sana kati ya maelfu ambao hawakupata ila shukurani, na baadhi yao matusi.

Mwambie akuoneshe alichokitengeneza, si anachokicheza. Ikiwa kipo, hata kama ni chumba kimoja chenye meza iliyopinda, basi anajifunza kupanga kazi, kusoma Kiingereza kigumu na kuandika skripti. Na la pili, ambalo sina budi kukuambia: Skyrim imewekewa umri wa miaka 18 Ulaya na 17 Marekani, kwa sababu ya mauaji na damu iliyomo. Hilo ni lako kuamua, si langu wala lake.

SUALA: Laptopu yangu ni ya zamani, ina RAM ya GB 4. Nifanyeje nipate kucheza?
Msomaji, Mkoani

JAWABU: Special Edition inataka GB 8 kwa uchache, kwa hivyo isahau. Ile ya 2011 itakubali ikiwa kadi ya picha si dhaifu mno. Lakini ushauri wangu wa dhati ni urudi nyuma zaidi, kwa Morrowind, ndugu yake mkubwa aliyetoka mwaka 2002 akiwa na chombo cha kutengenezea modi ndani ya sanduku lake. Utahitaji kuwa na nakala halali ya gemu, kisha uichezeshe kwa injini mpya iitwayo OpenMW, ambayo watu wa kujitolea wameiandika upya na kuiachia wazi kwa kila mtu.

Mtu wa kisiwani ataipenda kwa sababu nyengine. Nchi yake, Vvardenfell, ni kisiwa chenye mlima wa moto katikati, na hakuna mshale juu ya ramani unaokuonesha pa kwenda. Unaulizia njia, na unajibiwa kwa maneno: vuka daraja, fuata mto, ukifika kwenye jiwe lililosimama pinda kaskazini. Mara nyengine aliyekuelekeza amekosea. Anayekuja Ng'ambo mara ya kwanza kutafuta nyumba ya jamaa yake anaijua hali hiyo. Na ukikimaliza kisiwa, kundi liitwalo Tamriel Rebuilt limekuwa likijenga bara la jirani yake tangu mwaka 2001, mwaka mmoja kabla ya gemu yenyewe kutoka, na mpaka leo linaendelea.

SUALA: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Skyrim ilitolewa kwa Kijerumani, Kirusi, Kipolandi, Kijapani na lugha nyengine, lakini si kwa Kiswahili. Je, inawezekana kuitafsiri kwa njia ya modi, na ugumu wake uko wapi?
Mwalimu wa skuli ya sekondari, Unguja

JAWABU: Inawezekana, Mwalimu, na ugumu hauko katika kompyuta. Maneno ya Skyrim hayakuchanganywa na programu. Yamewekwa katika mafaili ya peke yake, kila sentensi ikiwa na namba yake, na gemu huita namba. Ukiibadilisha sentensi ukaiacha namba, gemu itasema ulichoandika. Programu iitwayo xTranslator hukufungulia mafaili hayo kwa safu mbili, asili kushoto na tafsiri kulia. Herufi zetu zote zimo tayari katika mwandiko wa gemu, pamoja na king'ong'o cha ng', wakati Warusi na Wajapani walihitaji mwandiko mpya. Sauti zitabaki za Kiingereza, kwani mazungumzo yaliyorekodiwa yanapita mistari 60,000, lakini maandishi ya chini ya skrini yatakuwa yako. Kumbuka tu kwamba modi za watu wengine aghlabu hubeba maneno yao ndani ya plagini zenyewe, kwa hivyo kila moja itataka tafsiri yake, na ruhusa ya mwenyewe.

Ugumu uko katika ngeli. Silaha ikinolewa na mhunzi, gemu huongeza neno la sifa kwenye mabano baada ya jina, na neno hilo ni moja kwa vitu vyote. Kiingereza hakijali. Sisi tuna upanga mzuri, ngao nzuri, kisu kizuri, jambia zuri, utaandika lipi? Nilikaa na suala hili usiku mmoja mpaka nikakumbuka kwamba lugha yetu imejiwekea akiba ya vivumishi visivyochukua kiambishi, vingi vikiwa vile tulivyovipokea kutoka Kiarabu. Daraja za unoaji ni sita, na sita tunazo: safi, bora, aali, kamili, adhimu, mashuhuri. Upanga wa chuma (bora), ngao ya chuma (bora), kisu cha chuma (bora). Hakuna kinachogongana. Idadi nayo ina kero yake, kwa kuwa gemu huandika jina la umoja kisha namba, lakini "Mshale wa chuma (25)" halinisumbui. Madaftari ya maduka yetu yameandika "Msumari (25)" miaka yote na hakuna aliyelalamika.

Kuna pahala ambapo Kiswahili kitaizidi asili. Kiingereza cha gemu hutaja majoka kwa neno moja tu. Msomaji wetu akisikia "joka" huona nyoka mkubwa asiye na mbawa, hilo ni kweli, lakini mnyama mwenyewe anaonekana kwenye skrini tangu dakika za mwanzo akiuchoma moto mji wa Helgen, kwa hivyo jina halitampoteza mtu. Linalonivutia ni upatanisho. Majoka wa Skyrim wana majina, wanasema, na mmoja wao, Paarthurnax, ndiye kiongozi wa watawa wanaoishi High Hrothgar, nyumba yao iliyo kwenye mlima uitwao Throat of the World. Mlinzi wa lango anayetetemeka atasema "joka limekuja". Mtawa wa mlimani atasema "joka amekuja". Kwa herufi chache msomaji atajua nani anamuona mnyama kuwa ni janga na nani anamuona kuwa ni mwenye nafsi, na mwandishi wa asili hakuwa na njia ya kulisema hilo ila kwa sentensi nzima.

Vyeo vitakuhangaisha. Nchi ina himaya tisa, na kila himaya ina mtawala aitwaye Jarl. Wapo watakaotaka "liwali", na sikioni linaingia vizuri, lakini liwali wa historia yetu aliteuliwa na Sultani na kuondolewa naye, ilhali Jarl ana kiti chake na ana sauti katika kumchagua mfalme mkuu. Ukiandika liwali utakuwa umeigeuza siasa ya nchi nzima, na siasa hiyo ndiyo vita vyenyewe vya gemu. Muache awe Jarl.

Usianze na visa. Anza na majina ya vyakula, kwa kuwa ni mafupi, yanaonekana kila siku ya mchezo, na makosa yake hayaumizi mtu: kabichi, kiazi, tofaa, jibini ya mbuzi, nyama ya kulungu. Utakutana humo na mkate mmoja mdogo mtamu wenye sukari nyeupe iliyomwagiwa juu, ambao walinzi huutania kwa kukuuliza ni nani aliyekuibia, na mkono utakuwasha kuuita kitumbua. Wanafunzi wako wataangua kicheko, lakini kitumbua ni cha mchele na nazi, na katika nchi hiyo ya theluji hakuna mnazi hata mmoja. Andika "andazi la sukari", uendelee na samaki.